Mto si wake, choo si chake: mazingira na maji ya Dar es Salaam

Oktoba 2022 mvua za vuli zilichelewa, Mto Ruvu ukapungua, na Dar es Salaam ikarudi kwenye mgao wa maji. Uzalishaji uliokuwa unakaribia lita milioni 500 kwa siku ulishuka hadi lita milioni 300 hivi. Ratiba za mgao zikaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, maboza yakawa hayashikiki, na hata nyumba zenye bomba jikoni zikaanza kuhesabu madumu.

Lawama zilimtosha kila mtu. Wapo waliosema ni tabianchi. Wapo waliosema ni wafugaji na wakulima wa bondeni, na kweli viongozi wa serikali walipanda juu ya mto wakaagiza mifugo iondolewe na mashine za umwagiliaji zizimwe. Wengine walimaliza maneno kwa kusema ni DAWASA tu hao, mamlaka ya maji ya jiji. Mwezi uliofuata serikali ikasaini mkataba wa kujenga Bwawa la Kidunda, ikazindua na mradi wa visima virefu vya Kigamboni. Mvua ikanyesha, mjadala ukaisha. Uliisha mapema, maana swali la msingi lilibaki palepale: mamlaka ya maji ya jiji ikisema inatunza mazingira, inatunza nini hasa, na kwa fedha ya nani?

Jibu tulilozoea ni la picha. Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, wafanyakazi wenye fulana mpya wanapanda miche, mgeni rasmi anamwagilia mche wa kwanza, mpiga picha anafanya kazi yake. Sina ugomvi na miche. Ila anayetaka kuujua mzigo wenyewe aende mahali ambapo mgeni rasmi hapelekwi: kwenye bomba linalovuja chini ya barabara, kwenye mteremko wa mahindi Uluguru, kwenye shimo la choo Manzese. Kati ya hivyo vitatu, mamlaka inamiliki kimoja tu, bomba. Mto si wake na choo si chake, na ugumu wote wa jambo hili unaanzia hapo.

Maji yanayopotea njiani

Tuanze na kilicho chake. DAWASA, Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dar es Salaam, ilipata sura iliyo nayo sasa mwaka 2018, ilipounganishwa na DAWASCO. Kabla ya hapo mmoja alimiliki miundombinu na mwingine aliendesha huduma, na kabla ya hapo tena kulikuwa na kampuni binafsi ya City Water iliyoingia 2003 na kuvunjiwa mkataba Mei 2005. Bomba likipasuka katika mpangilio wa namna hiyo, kila upande una sababu ya kuutazama mwenzake.

Maji mengi ya jiji yanatoka Ruvu kupitia mitambo miwili. Ruvu Juu, iliyopo Mlandizi, ina uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, na upanuzi wake uligharamiwa kwa mkopo wa India. Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, inafikia lita milioni 270 baada ya kupanuliwa kwa fedha za Marekani. Mtambo mkongwe wa Mtoni, Temeke, unaongeza lita milioni 9, kiasi kisichoonekana sana kwenye hesabu ila wakazi wa karibu wanaujua umuhimu wake. Ruvu Chini ilijengwa katikati ya miaka ya 1970, wakati watu wa Dar hawajafika milioni moja. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728.

Sasa, maji yanayotoka mitamboni hayafiki yote kwenye dira za wateja. Tofauti ya yale yaliyozalishwa na yale yaliyolipiwa ndiyo inayoitwa upotevu wa maji. Kuna miaka Dar ilipoteza karibu nusu. Hali imekuwa nafuu, lakini imebaki kwenye zaidi ya theluthi, ilhali mdhibiti wa huduma za nishati na maji, EWURA, anataka upotevu uwe chini ya asilimia 20. Piga hesabu: theluthi ya lita milioni 500 ni lita milioni 160 na zaidi. Hicho ni kiasi kinachokaribia uwezo wote wa Ruvu Juu. Yaani tumejenga mtambo mzima Mlandizi, tumenunua pampu na dawa, tumelipa riba ya mkopo, halafu kiasi karibu sawa na maji yake hakijulikani kilikokwenda.

Si yote yaliyomwagika ardhini. Upotevu una sura tatu, na zikichanganywa mjadala hauendi popote. Kuna wizi: maunganisho haramu yanayokwepa dira, mengine ya nyumba ya kawaida, mengine ya kiwanda cha matofali au ya eneo la kuoshea magari. Kuna dira mbovu, zile zilizochoka zinazohesabu lita saba pale zilipopita kumi. Halafu kuna mivujo yenyewe. Kwa mhasibu zote tatu ni hasara, shilingi ni shilingi. Kwa mto hazilingani. Maji ya wizi yamemfaa mtu, hata kama hakulipa. Maji ya mvujo hayakumfaa yeyote, na mto umeshayatoa.

Mivujo mikubwa hupigiwa simu na wananchi, maana inageuza barabara kuwa kijito. Inayokausha mto kimyakimya ni midogo, ya chini kwa chini, inayotiririka miezi bila kuonekana. Kuitafuta ni kazi ya usiku. Mtandao unagawanywa katika kanda ndogo, kila kanda inaingiziwa maji kwa bomba moja lenye dira kubwa. Mafundi wanaisoma kati ya saa nane na saa kumi usiku, wakati hakuna anayeoga wala kufua. Kanda ikiwa nzima, dira hiyo inatambaa taratibu, ikijaza matangi machache ya darini. Ikiwa inakimbia saa tisa usiku kana kwamba ni asubuhi ya Jumatatu, maji yanatoka mahali. Hapo ndipo fundi anafunga valvu mtaa mmoja baada ya mwingine mpaka dira ipunguze mwendo, kisha anatembea na chombo cha kusikilizia juu ya bomba. Mvujo una sauti: mluzi mwembamba kwenye bomba la chuma, mngurumo mzito na mfupi kwenye plastiki, ndiyo maana mabomba ya plastiki yanawatesa zaidi wasikilizaji.

Dawa nyingine ni kupunguza msukumo. Usiku matumizi yanaposhuka, msukumo ndani ya mabomba unapanda, na kila tundu linatema maji kwa nguvu zaidi. Valvu ya kuushusha saa hizo inaokoa maji mengi kabla hata jembe halijagusa ardhi. Lakini hili linahitaji maji yawemo bombani wakati wote, na mgao ndio unaoliharibu. Bomba linaloachwa tupu siku mbili kisha likajazwa kwa ghafla linapigwa na hewa na maji kwa pamoja, maungio yanalegea. Likiwa tupu, hali ni mbaya zaidi: matundu yaliyokuwa yanatoa maji yanaanza kunyonya kilichopo nje, na katika mitaa ambako bomba limepita kando ya mtaro au shimo la choo, kila mtu anajua nje kuna nini. Mgao unaletwa na upungufu, halafu wenyewe unaongeza upotevu, na upotevu unaongeza upungufu.

Umeme nao una hesabu yake. Kupandisha mita moja ya ujazo ya maji, ambayo ni tani nzima, kwenye kilima cha mita 100 kunahitaji, pamoja na nguvu inayopotea kwenye pampu, kama uniti 0.4. Tuichukulie mita 100 kuwa kipimo cha mfano, ingawa kutoka bonde la Ruvu hadi matangi ya Kibamba na Kimara kupanda ni kupanda kweli. Zile lita milioni 160 zinazopotea ni tani 160,000, na kwa hesabu hiyo zinameza uniti 64,000 kila siku. Kwa mwezi ni umeme wa nyumba 25,000 zinazotumia uniti 75, kile kikomo cha watumiaji wadogo wa TANESCO. Nikisikia mamlaka yoyote ya maji nchini inazungumzia kufunga sola ofisini, huwa nauliza kwanza kuhusu upotevu.

Kwa nini basi mabomba hayashughulikiwi kwanza? Kwa sababu kuziba mivujo hakuna jiwe la msingi. Mfadhili anakopesha kwa ajili ya mtambo mpya, mtambo unaonekana, unazinduliwa. Mafundi elfu wenye majembe na dira mpya kwa miaka kumi mfululizo ni gharama ya uendeshaji, na hiyo inatoka kwenye ankara za wateja, zilezile zinazopungua kwa sababu ya upotevu.

Mteremko wa Uluguru

Ruvu unaanzia Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, unapokea matawi yake, Mgeta na Ngerengere yakiwamo, unavuka nyanda za Pwani na kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Kileleni kuna msitu, ambao tangu 2008 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru. Msitu huo unakamata ukungu na mvua, unaviachia taratibu, na ndio unaoufanya mto utiririke hata Septemba. Chini ya msitu wanaishi Waluguru, na mashamba yao ya mahindi, mihogo, ndizi na mboga yamepanda kwenye miteremko ambayo mtu wa pwani angeipanda kwa magoti.

Mvua kubwa ikipiga shamba tupu lililoinama namna hiyo, mambo mawili hutokea pamoja. Udongo unateremka, na maji hayazami. Yasipozama, hayatakuwepo kwenye chemchemi miezi ya kiangazi. Kwa hiyo mtambo wa Mlandizi unaadhibiwa mara mbili kwa kosa moja: wakati wa masika unapokea maji ya tope yanayohitaji dawa nyingi ya kugandisha uchafu na vichujio vya kuoshwa kila mara, na wakati wa kiangazi haupokei maji ya kutosha. Mkazi wa Mbezi anayeona bomba limetoa maji ya rangi ya chai mwezi Aprili huenda anautazama udongo wa shamba la mtu wa Kibungo.

Serikali ya kikoloni iliyaona haya zamani, na jinsi ilivyoyashughulikia ingefaa kusomwa na kila anayepewa bajeti ya vyanzo vya maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, ukilazimisha kila mkulima achimbe matuta ya ngazi. Matuta yalichimbwa kwa shuruti, kwa idadi iliyopangwa na maofisa. Waluguru walisema hayafai, na walikuwa na hoja ya kitaalamu: udongo wenye rutuba kule ni tabaka jembamba, ukikata ngazi pana unafukia wa juu na kuibua wa chini usiootesha kitu. Mavuno yakashuka, kazi ikaongezeka. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, vurugu zikatokea, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango ukazikwa. Kwa miongo iliyofuata, mtaalamu aliyefika Uluguru na neno matuta alikuwa anaongea na watu wenye kumbukumbu.

Miaka 50 baadaye ilijaribiwa njia nyingine. Kuanzia 2006 mashirika ya CARE na WWF yalitayarisha mradi katika eneo la Kibungo, upande wa mashariki wa milima, wenye wazo jepesi kulieleza na gumu kuliendesha: anayefaidi maji huku chini amlipe anayetunza mteremko kule juu. DAWASCO ilikubali kuwa mnunuzi, na Coca-Cola Kwanza vilevile, maana soda nayo ni maji. Mkulima alilipwa kwa eneo alilolihudumia na kwa aina ya kazi aliyoifanya, iwe kupanda miti, kuweka mistari ya majani au kuchimba fanya juu.

Fanya juu inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake mna jibu la kosa la 1955. Unaanza na kipimo cha miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Jiwe likitulia katikati, miguu miwili imesimama usawa mmoja. Unachomeka vijiti chini, unageuza kipimo, unasogea mbele. Baada ya saa kadhaa una mstari wa vijiti unaokata mlima bila kupanda wala kushuka. Kwenye mstari huo unachimba mfereji, udongo unaurusha upande wa juu, unakuwa tuta, na juu ya tuta unapanda majani ya tembo ambayo ng'ombe au mbuzi atayala. Baada ya hapo unaiachia mvua. Kila msimu udongo unaoteremka unakwama nyuma ya tuta, shamba linajinyoosha lenyewe kidogokidogo, na ngazi inajengeka pasipo mtu kuufukua udongo wa chini. Ile kazi ambayo bwana shamba wa kikoloni aliitaka kwa msimu mmoja, mvua inaifanya kwa miaka.

Wakulima waliipokea, na mavuno kwenye mashamba yaliyotulizwa yaliwapa sababu ya kuendelea. Kikwazo kilikuwa upande wa mnunuzi. Mradi ulifika mwisho 2012, na malipo yale hayakugeuka kuwa mstari wa kudumu kwenye ankara ya maji ya Dar es Salaam. Kinachofanana nayo kwa sasa ni ada ya matumizi ya maji ambayo mamlaka inailipa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao Morogoro. Bodi hiyo ndiyo inayotoa vibali vya kuchota maji, inapima mto na kusimamia vyanzo. Ina mamlaka makubwa kwenye karatasi, na bonde kubwa la kulizungukia.

Hapo ndipo wafugaji na wakulima wa bondeni wanaingia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kila mtu anaijua hiyo mita 60. Anayeipima hana gari la kutosha, na anayeivunja mara nyingi alipewa shamba na serikali ya kijiji au alilikuta la babu yake. Operesheni ya mwaka wa ukame inaondoa mashine za umwagiliaji, mvua ikirudi mashine zinarudi. Si kwamba sheria haina maana. Lakini ukimfukuza mtu kwenye ukingo bila kumwonyesha pa kulima unarudia 1955 kwa herufi nyingine, na mimi ningeipeleka fedha ya operesheni mbili kwenye mistari ya majani ya Kibungo.

Kidunda na visima

Bwawa la Kidunda, linalojengwa Morogoro Vijijini, limepangwa kuhifadhi lita bilioni 190 na kuzalisha megawati 20 za umeme. Ukigawa kwa matumizi ya lita milioni 500 kwa siku, ni akiba ya mwaka na ushei, ukiacha maji yanayopotea kwa jua na yale yanayopaswa kuachwa mtoni kwa ajili ya viumbe na mikoko ya mlangoni mwa Ruvu. Kwa mtu aliyepitia mgao wa 2022 hiyo ni habari njema, na sidhani Dar inaweza kuishi bila bwawa. Mto usio na pa kutunza maji ya masika unakulazimisha kuomba mvua kila Oktoba.

Ila bwawa linatunza kila kinacholetwa na mto, na mto huu unaleta tope. Mfano upo jirani kabisa: Bwawa la Mindu, lililojengwa miaka ya 1980 kwa ajili ya mji wa Morogoro kwenye Mto Ngerengere, limekuwa likijaa mchanga na tope kutoka kwenye miteremko inayolizunguka, na nafasi ya maji ikipungua. Umri wa Kidunda utaamuliwa zaidi na majembe ya Uluguru kuliko na zege la mkandarasi. Fedha iliyotengwa kwa bwawa ni shilingi bilioni 329. Sehemu ndogo mno ya hiyo ingelipa fanya juu nyingi.

Visima ni hadithi fupi. Baada ya ukame wa 1997 vilichimbwa kila kona ya jiji, vingi vifupi, vingi vya watu binafsi. Karibu na pwani, ukivuta maji matamu kupita kiasi ya bahari yanasogea kujaza nafasi, na kisima kilichoanza kitamu kinaishia kuwa cha kufulia tu. Maji ya Kimbiji na Mpera, upande wa kusini wa jiji, yapo chini sana, mamia ya mita, kwenye miamba ya mchanga iliyobeba akiba kubwa. Ni bima nzuri. Bima inatumika siku ya ajali, na hatari iliyopo ni kuigeuza mshahara wa kila mwezi.

Kinachorudi

Maji yakishaingia nyumbani yanatoka yakiwa machafu, na hapa ndipo mamlaka ina jina kubwa na mkono mfupi. Wakazi waliounganishwa kwenye mtandao wa majitaka ni wachache. Walio wengi wanatumia vyoo vya shimo au makaro. Hata mtandao wenyewe hauna sifa ya kujivunia sana: kwa miongo mingi majitaka ya katikati ya jiji yamepelekwa baharini upande wa Ocean Road bila kutibiwa. Maeneo mengine yanapeleka kwenye mabwawa kama ya Vingunguti, Kurasini na Mikocheni.

Mabwawa hayo yanadharauliwa kwa harufu yake, lakini ni teknolojia inayofaa nchi ya jua. Bwawa la kwanza lina kina kirefu na halina hewa. Uchafu mzito unazama na vijidudu visivyohitaji oksijeni vinaula. La pili mwani unamea juu, unatoa oksijeni mchana, na vijidudu vya aina nyingine vinaendelea na kazi. La mwisho ni la kina kifupi, jua linapenya hadi chini na kuua vimelea vya magonjwa. Hakuna pampu ya hewa wala bili kubwa ya umeme. Linalotakiwa ni eneo, siku za kutosha za maji kukaa humo, na kuondoa tope la chini kwa wakati. Tope lisipoondolewa nafasi inapungua, maji yanapita upesi, na kwa Vingunguti yanaingia Mto Msimbazi yakiwa hayajaiva. Kandokando ya Msimbazi kuna bustani za mchicha.

Mitambo mipya imekuwa ikijengwa, wa Mbezi Beach ukiwamo, na mtandao unapanuka. Hata hivyo hakuna mpango unaoweza kulaza bomba la majitaka kwenye kila uchochoro wa Tandale, Keko na Manzese katika miaka ya karibuni. Kule gari la kunyonya haliingii, na likiingia bei yake inamshinda mpangaji wa chumba kimoja. Matokeo yake ni kile ambacho kila mwana Dar anakijua: kutapisha. Mvua ya masika ikianza kupiga bati usiku, mwenye nyumba anatoboa ukuta wa shimo au anazibua bomba alilolitega, kinyesi kinatoka na maji ya mvua kuelekea mtaroni, asubuhi shimo lina nafasi. Kipindupindu kilichoanza Kinondoni Agosti 2015 na kuenea mikoani hakikuhitaji maelezo marefu kwa watu wa mitaa hiyo.

Majaribio yenye akili yapo. Toangoma, Temeke, kuna mtambo mdogo wa kuchakata tope kinyesi, unaopokea tope kutoka kwa vijana wanaotapisha vyoo kihalali, kwa pampu ya mkono na pipa kwenye guta, vifaa vinavyopita pale gari lisipopita. Maji yanachujwa, tope linakaushwa kwenye vitanda vya mchanga na linaweza kugeuzwa mbolea. Faida ya mtambo mdogo ni umbali. Kijana wa guta hawezi kuvuka jiji kufikisha pipa moja Vingunguti. Akiwa na kilomita mbili anakwenda. Jiji linahitaji mingi ya namna hiyo, iliyotawanyika, na kila unapopendekezwa majirani wa kiwanja wanakataa, jambo ambalo mimi pia ningelifanya kama ningeletewa mtambo huo uani bila kupelekwa kwanza kuuona unaofanya kazi.

Linalobaki ni malipo, na hapa mpangilio umekaa upande. Aliyeunganishwa na bomba la majitaka, mara nyingi katikati ya jiji au kwenye mitaa ya wenye uwezo, analipa tozo inayopangwa na EWURA baada ya mkutano wa hadhara, inakuja ndani ya ankara yake ya maji, na mtandao anaoutumia ulijengwa kwa fedha ya umma. Wa Manzese, mwenye shimo, anakunywa maji ya mamlaka hiyohiyo, lakini choo kikijaa analipa safari nzima mwenyewe, kwa mkupuo. Katika nchi nyingine tozo ndogo ya usafi huwekwa kwenye kila ankara ya maji, na fedha hiyo hulipia sehemu ya gharama ya kunyonya mashimo ya wasio na bomba. Kwa Dar hilo lingehitaji EWURA ikubali kuwa kunyonya choo ni huduma ya maji kama nyingine, na DAWASA ikubali kuhesabu vyoo kama inavyohesabu dira. Kwa sasa bei ya safari moja ya gari la kunyonya inapatana dereva na mwenye nyumba, getini, wakiangalia wingu.